Picha za harusi: programu nafuu ya kupanga na kurekebisha

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi hupiga picha upande wa wanawake katika harusi hapa Pemba. Picha za miaka mingi zimezagaa kwenye kompyuta yangu yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 8, na mteja akirudi kuomba ya kwake nahangaika kuitafuta. Programu ya kulipia kila mwezi siimudu. Nichague ipi? — *Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Tangulia kuchagua programu ya kupangia picha, kwani ya kurekebishia unaweza kuibadilisha wakati wowote, ilhali ukishatia lebo, yaani maneno ya kutafutia kama jina la mteja, katika maelfu ya picha, kuhama si kazi ndogo.

Kwa kupanga nakushauri digiKam, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Albamu zake ni folda zile zile zilizomo katika diski yako. Kwa hiyo ipe kila folda jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi na siku, mfano «2025-08-14 Wete», nazo zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Kabla ya kutia lebo ya kwanza, fungua mipangilio ya metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha, uhakikishe kwamba lebo zinaandikwa ndani ya picha yenyewe, au katika faili dogo la XMP linalokaa kando yake, ili programu nyingine nayo iweze kuzisoma.

Kwa kazi yako lipo jambo zito zaidi ya bei. Bibi harusi aliyekubali kupigwa picha kichwa wazi, katikati ya shoga zake, amekuamini wewe, wala hakukuruhusu kuipeleka sura yake kwenye hifadhi ya kampuni ya ng'ambo. digiKam huweza pia kutambua nyuso za watu pichani: mara ya kwanza itapakua mafaili ya utambuzi huo kutoka intaneti, lakini baada ya hapo nyuso huzitambua ndani ya kompyuta yako, na picha hazitoki. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuichagua.

Kurekebisha mwanga na rangi kidogo kunawezekana humo humo. Ikiwa kamera yako inatoa picha ghafi, yaani RAW, jaribu darktable, nayo ya bure, ambayo haiigusi picha ya asili bali huandika mabadiliko pembeni. GB 8 zitaitosha, ingawa usitarajie kasi. Kufuta waya uliopita nyuma ya bibi harusi ni kazi ya GIMP, programu nyingine ya bure ya kurekebisha picha.

Lightroom, programu ya kulipia ya kampuni ya Adobe, ni nzuri na ni nyepesi kujifunza, lakini ukiacha kulipa, sehemu ya kurekebisha hufungwa. Nakala zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa kwa flashi, ziepuke kabisa, kwa sababu mara nyingi huja na virusi.

Hakuna hata moja kati ya programu hizi itakayokuokoa diski ikifa. Nunua diski mbili za nje, unakili picha zote katika kila moja, na moja iweke nyumba nyingine kwa mtu unayemwamini.