Barua kwa mwanangu: muulize anayemdai

Mama, marahaba. Meseji yako ya juzi nimeisoma, nikamsomea na mama yako. Unauliza uwaambie wenzako wa ofisini waziwazi kwamba umeokoka, ili wakiitana kwenye hizo safari hewa wajue kabisa wewe humo haumo, au ukae kimya uishi tu na wataona wenyewe. Unasema kuna dada hapo kila asubuhi anaweka mstari wa Biblia kwenye stetasi ya WhatsApp, na posho ya semina ambayo hakwenda anasaini vilevile, ndiyo maana wewe unaona haya hata kujitaja.

Nimecheka kwa huyo dada, halafu nikaacha kucheka.

Msimamo wangu unaujua, nimeusema hapa nyumbani mpaka mkawa mnaniigiza sauti: mtu akikwambia ameokoka usimuulize yeye, muulize anayemdai. Muulize mwenye duka anakokopa sukari. Mchungaji anamwona Jumapili akiwa na suti, atajua nini?

Habari ya babu yako na mizani mnaijua, ila mnaijua ile ya bibi yenu, inayoishia pazuri. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa darasa la sita, msimu wa kahawa tukitoka shule naenda pale chama cha msingi cha ushirika, alikokuwa karani wa mizani, kumsaidia kufunga magunia. Mizani zilikuwa mbili na foleni mbili, na foleni ya babu yako inafika barabarani wakati karani wa mizani ya pili amekaa anachokonoa meno. Na si kwamba watu walimpendea ucheshi, yule mzee alikuwa mkali. Walifuata mshale. Hapandishi gunia lako kabla hajakuita, njoo uone, mshale uko kwenye sifuri? Hata bibi kizee asiyejua kusoma alimwita, akamshika kidole akamwekea pale kwenye kioo, "ni hapa waitu, ukiukuta umesimama pengine kabla sijaweka mzigo wako, kataa." Ndipo anapandisha, anasubiri gunia liache kutikisika, mwenzake hakuwa anasubiri, anasoma kwa sauti na ile nusu kilo anaiandika. Nusu kilo ndiyo ilikuwa biashara ya watu bwana. 47 na nusu inaandikwa 47, gunia baada ya gunia, mwisho wa msimu inapatikana kahawa inaitwa ziada, na ziada ilikuwa na wenyewe.

Na alikuwa mlokole wa kutangaza. Wale wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaingia huku kwetu Bukoba, kwao kunyamaza ni kama kumkana Yesu. Unasimama mbele za watu unaitaja dhambi kwa jina lake, kama uliiba jembe unasema jembe, na unalirudisha, wanakuimbia ule wimbo wao, Tukutendereza. Tata, ndivyo nilivyomwita babu yako, alirudisha misumari misheni, misumari! aliyochukua akiwa kibarua kijana. Kwa hiyo hakuna asiyemjua. Kabla hajafungua kitabu cha risiti anasali kwa sauti, foleni nzima imesimama juani, na wengine walikuwa wanakereka, mimi na njaa yangu nikiwemo.

Sasa sikiliza. Kahawa ya maganda ikikaa ghalani inanyauka, uzito unapungua, hilo hata mtoto wa huku analijua. Yule wa nusu kilo alikuwa na ziada ya kufidia unyaufu, na ikabaki nyingine ya kugawana. Tata hakuwa na cha kufidia, maana aliandika kila kitu kama kilivyo. Lori lilipokuja ikapimwa upya, mzigo wa kila karani kivyake, wa kwake ukapungua magunia. Karani mwizi katoka na ziada, karani mwaminifu katoka na upungufu, na ukisoma makaratasi hayo huna la kubisha, mwizi ni babu yako.

Kamati ikamwambia alipe. Bibi yenu anasema ng'ombe "alitolewa kwa Bwana." Hakutolewa kwa Bwana, aliuzwa kwa mchinjaji siku ya gulio kwa bei ya kutupa, na aliyemswaga mpaka gulioni ni mimi.

Hilo la kamati lilishanitoka. Lisilotoka ni la kanisani. Wazee wa kanisa walikaa wakaona ni vizuri akae pembeni kwanza, asihudumu wala asishiriki meza ya Bwana mpaka jambo lake liishe. Watu aliotubu nao, na magunia yao yalipita kwenye foleni yake, kidole chao kiliwekwa kwenye sifuri ileile! Shuleni hawakuniambia baba yako kaiba, waliniambia "kumbe walokole nao wanaiba." Unaona hapo? Angekuwa karani tu, angekuwa karani aliyepungukiwa, basi. Kwa kuwa alijitangaza, wakamcheka yeye na Yesu wake kwa pamoja. Ndiyo maana nashindwa kukwambia haraka haraka, watangazie.

Lakini ngoja. Kwenye mkutano mkuu wa chama kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, mnunuzi wa butura, wale wanaokununulia kahawa ingali maua mtini kwa hela ya chumvi, na Tata alikuwa amemsema hadharani zaidi ya mara moja. Huyo ndiye aliyesimama. Akasema mimi nimeleta magunia hapa kwa majina ya watu, huyu mlokole nilimpa pesa aniongezee kilo akanirudishia mbele ya foleni, akaniaibisha, na nina hasira naye mpaka leo, lakini kuiba, huyu? Akakaa. Wazee wa kanisa walikuwa benchi la mbele, hakuna aliyefungua mdomo.

Yaani mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka, na papo hapo naumia. Kwa nini awe yule? Narudi palepale, muulize anayemdai, au kwa huyu tuseme muulize aliyenyimwa. Ila angalia na neno alilotumia, "huyu mlokole," hakusema huyu karani. Angejua wapi kama Tata hakuwa anasema? Basi kutangaza ndiko kulikomponza na ndiko kulikomtetea, sasa mimi nikushauri lipi?

Na utetezi wenyewe haukurudisha ng'ombe. Bibi yenu anasema kamati iliomba radhi, haikuomba. Kanisani walimrudisha kundini kimya kimya kabla ya Pasaka kama vile yeye ndiye aliyekosa, na akaenda! Akapiga magoti. Mimi nimenuna nje, yeye yuko mbele amepiga magoti, na sijui mpaka leo kama ulikuwa unyenyekevu au alikuwa amechoka. Hilo nabishana naye hata sasa yuko kaburini.

Bwana Yesu mwenyewe, mahubiri yale yale ya mlimani, Mathayo 5 anasema nuru yenu na iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema. Unafungua ukurasa, sura ya 6, angalieni msifanye wema wenu machoni pa watu, kusudi mtazamwe na wao. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka yote hii na mpaka wa hayo mawili bado unanipiga chenga. Nadhani la kwanza anatukuzwa Baba, la pili natukuzwa mimi. Lakini huyo dada wa stetasi naye si atasema anamtukuza Baba? Mimi simhukumu. Namhukumu kidogo.

Ulipokuwa mdogo babu yako akikusimulia Askofu Mkuu Janani Luwum wa Waanglikana wa Uganda, alivyouawa Kampala Februari 1977 na serikali ya Amin ikasema ni ajali ya gari, ulikuwa unalia, unauliza na sisi watatuua? Ukadhani kushuhudia ni mpaka uletewe Amin. Wewe umeletewa karatasi ya mahudhurio na kalamu.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Sisemi. Wewe ni mtu mzima, ofisi unaijua wewe, na bosi akikuchukia kodi ya chumba hatulipi sisi. Ila, na huu si uamuzi, ile safari ya Morogoro uliyonisimulia, mlikwenda siku mbili mkaandikiwa nne. Yale masurufu ulirejesha? Siulizi kwa ubaya. Kama bado, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umeokoka nenda kwa mhasibu urejeshe za siku mbili, udai risiti. Watanuna, maana umewaumbua na hukuwa umesema neno, watakuuliza una nini wewe siku hizi, hapo utawajibu. Au usiwajibu. Nimesema sisemi.

Mama yako amesoma yote haya, anasema swali lilikuwa jepesi na jibu lake ni waambie, hakuna anayewasha taa akaiweka chini ya pishi, na kwamba mimi na baba yangu ugonjwa wetu ni mmoja, maneno mengi. Ameniambia niandike hivyo, nimeandika. Ukija Krismasi mletee bibi yako dawa ya kuchua mgongo, huku imeadimika.

Baba yako