Jibu: kusukutua dawa mara tu baada ya mswaki

Mkuu wa Area C, umeuliza kama dawa ya kusukutua unayotumia kila ukimaliza kupiga mswaki inaongeza kinga dhidi ya meno kutoboka. Kwa mpangilio huo, inapunguza.

Dawa nyingi za meno za watu wazima zina floraidi, madini yanayokinga meno, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Zile za kusukutua zenye floraidi, za matumizi ya kila siku, huwa na kama 225 tu, na nyingine hazina kabisa. Kwa hiyo unaondoa kikali unaweka chepesi. Hata maji matupu yana shida hiyohiyo. Tema povu, basi, usisukutue. Floraidi inayobaki ndiyo inayosaidia kurudisha madini kwenye jino lililoanza kuliwa na asidi ya bakteria. Mwanzoni mdomo utakukera kidogo, utazoea.

Kama unaipenda hiyo chupa yako, itumie mchana baada ya kula, kisha kaa nusu saa bila kula wala kunywa. Ukiwa umeandikiwa yenye klorheksidini (kiua bakteria) kwa ajili ya fizi, hiyo fuata maelekezo ya daktari.

Na aliyesema hapo juu kwamba watu wa Singida wasitumie floraidi kwa sababu maji yao yanayo nyingi: rangi ya kahawia kwenye meno hutokana na kuimeza floraidi nyingi utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika chini ya fizi. Mtu mzima anayetema haimhusu. Mtoto chini ya miaka 3 mpakie chembe ya dawa ya meno kama punje ya mchele.