Gauni refu na mume asiyetaka tai

Dada yangu, umesema gauni refu umeshashona, na mumeo hataki kusikia habari ya tai akiwa kwenye likizo yenu ya melini. Kabla hamjagombana, angalieni kwanza meli yenyewe.

Meli za kitalii za kampuni za Oceania na Viking hazina usiku rasmi, yaani usiku wa kuvaa mavazi rasmi. Shati lenye kola na suruali nadhifu vinamtosha. Lakini kama ni Queen Mary 2, meli ya kampuni ya Cunard, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, jiandaeni. Usiku wa gala, yaani ule usiku rasmi wao, kuanzia saa 12 jioni, wanaume huvaa tuksedo (suti rasmi ya usiku yenye tai ya kipepeo) au suti yenye tai. Asiyetaka halazimishwi, ana bufee na kumbi chache za kukaa na nguo zake za kawaida. Ila mezani kwenye mkahawa mkuu utakuwa peke yako, na hilo ndilo la kumweleza taratibu.

Wapo wanaosema nimelipa pesa yangu, nivae nitakavyo. Siwaungi mkono. Aliyechagua meli ile aliutaka usiku ule: mwanamke anashuka ngazi ameshika pindo la gauni, mumewe bado anahangaika na kifungo cha mkono wa kushoto huku meli ikiyumba. Kumketisha jirani na mwenye kaptula ni kumwonea.

Tuksedo msinunue. Suti moja nyeusi, shati jeupe, tai na viatu vyeusi vinatosha gala zote. Nawe beba mtandio, kiyoyozi cha humo ndani ni kikali.