Skrini ya Mzee na Swali Lenu la GT-R

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama ndani ya Nissan GT-R, lile gari la kasi, ya kizazi kiitwacho R35 kilichoanza kuuzwa Japani Desemba 2007, bado kunampa dereva hisia ya kuketi katika gari la kisasa. Mmetutaka tujibu Ndiyo au Hapana na tueleze sababu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam kwa miaka 26 sasa, na ndani ya magari ndiko ninakoshinda, mgongo ukiwa kwenye kapeti na kichwa kikiwa kati ya pedali na dashibodi. Swali limenigusa kwa sababu linachukulia kwamba usasa wa gari huzeeka polepole, mwaka hadi mwaka, kama rangi inavyopauka juani. Kwa magari yanayotufikia sisi, yaliyokwisha kutumika Japani na kushushwa bandarini kwetu, mambo hayaendi hivyo. Sehemu kubwa ya usasa wao hufia njiani, juu ya meli.

Kila aliyewahi kukomboa gari bandarini ananielewa. Unawasha gari, na sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa Kijapani, kila asubuhi kwa miaka yote utakayokuwa nalo, kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Redio inashika masafa ya 76 hadi 90, kwa kuwa ndiyo yaliyotengwa kwa FM ya Japani wakati huo, na kutoka hapo kwenda juu, ziliko stesheni zetu nyingi, ni kimya mpaka ufungiwe kile kidude cha kubadili masafa. Ramani haiijui Afrika: umepaki Sinza, lakini mshale unaokuonyesha ulipo umesimama katikati ya rangi ya buluu tupu. Katika GT-R jambo hili lilifika mbali zaidi. Magari ya R35 ya soko la Japani yalizuiwa na kompyuta yasizidi kilomita 180 kwa saa, na kizuizi hicho kiliweza kuondolewa kwenye skrini pale tu mfumo wa setilaiti ulipotambua kwamba gari limefika katika kiwanja cha mbio kinachokubalika, tena cha hukohuko Japani. Ulikuwa uhodari mkubwa kwa wakati wake, na sina nia ya kuudharau. Ila gari likishavuka bahari, ukurasa huo unabaki kama mlango uliojengewa ukuta nyuma yake.

Kwa hiyo naomba radhi, nitalijibu swali kwa kulisogeza kidogo. Ninachoweza kukisemea kwa uhakika ni hiki: kati ya vitu vilivyowekwa mbele ya dereva mwaka ule, ni kipi ambacho bado kinamfanyia kazi anayeliendesha gari hilo huku kwetu, leo?

Wasomaji wenzangu wataikimbilia skrini ya katikati na kusema kwamba ndiyo iliyochakaa kuliko vyote. Mwaka 2007 huohuo ndio iPhone ya kwanza ilipoanza kuuzwa, na hakuna anayetembea nayo mfukoni leo. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo kwa muda mrefu. Lakini ikumbukwe kwamba kurasa za skrini ile zilibuniwa kwa kushirikiana na Polyphony Digital, kampuni iliyotengeneza mchezo wa kompyuta wa Gran Turismo. Watu huitaja habari hiyo kama jambo la kitoto, yaani watengeneza michezo wamepewa kuchora dashibodi ya gari la kweli. Mimi naiona kwa namna nyingine. Hao walikuwa watu waliotumia miaka mingi kufikiria ni namba ipi dereva anaihitaji, na iwekwe wapi ili aione kwa kutupa jicho mara moja. Ukurasa mmoja unakupa joto la oili ya injini na la oili ya gia boksi, mwingine presha ya turbo, mwingine jinsi nguvu inavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nimeyafahamu haya kwa kuchelewa, na aliyenifundisha ni mteja mmoja ambaye sitamtaja jina.

Gari lenyewe lililetwa na kijana wake. Lilikuwa R35 ya 2009, rangi ya fedha, lenye usafi ambao huuoni mara kwa mara kwenye gari la umri ule. Aliniamkia, nikaitikia, akanieleza kwamba baba yake amekwenda Tanga kwenye arobaini ya dada yake, na kabla hajarudi anataka amfanyie jambo la kumfurahisha: ing'olewe ile skrini ya Kijapani, ifungwe redio kubwa ya Android yenye ramani ya mji wetu na uwezo wa kupokea simu. Sikuona tatizo lolote, kwani kazi hiyo nimeifanya kwenye magari mengi nisiyoweza kuyahesabu. Nilimwambia kwamba zile kurasa za joto na presha zitapotea, kwa kuwa redio aliyoinunua haikuwa ya kuzungumza na kompyuta ya gari lile. Akasema, "Hizo nani anazitazama, fundi?" Nami nikakubaliana naye. Siku mbili baadaye gari liliondoka likiwa na skrini inayong'aa kama dirisha la duka, na ile ya zamani niliiweka kwenye boksi chini ya meza ya kazi, nikiwa na mpango wa kuichambua vipuri.

Wiki tatu hazijapita, mzee akaja mwenyewe. Alikuwa mfupi, shati limepigwa pasi vizuri, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye daftari gumu la kaunta. Hakulalamika. Alisifu kazi, akasema waya umefichwa vizuri na hakuna kinachogonga mlemle, kisha akaniambia, "Sasa mwanangu, naomba kile changu unirudishie." Nikamweleza habari za ramani. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akalifungua lile daftari juu ya boneti ya gari jingine lililokuwa mbele yetu.

Maisha yake yote ya kazi mzee huyu alikuwa fundi mitambo wa meli. Katika chumba cha injini, zamu ikianza na zamu ikiisha, joto na presha huandikwa kwenye kitabu, na mazoea hayo alishindwa kuyaacha alipostaafu. Kurasa za mwanzo za daftari zilikuwa na herufi za Kijapani alizozinakili kwa kalamu moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja maana yake kwa Kiswahili. Alinionyesha zile mbili za joto la oili, akaniambia nizikumbuke kwa matone matatu ya maji ambayo kila moja inayo upande wa kushoto. Baada ya hapo zilifuata safu: tarehe, kutoka, kwenda, oili ya injini, oili ya gia boksi, maelezo. Ilikuwa miaka minne ya safari, mwandiko uleule, na mistari imepigwa kwa rula. Kwenye safari moja ya Morogoro safu ya gia boksi ilionyesha nyuzi 7 zaidi ya kawaida yake kwa barabara ile na hali ileile ya hewa. Kwenye maelezo aliandika: "Nimesimama Chalinze. Nimetazama chini, kuna unyevu wa oili." Ilikuwa sili, yaani kizibo kinachozuia oili isitoke, imeanza kuvujisha, na aliibadilisha kabla gia boksi haijadhurika. Mwenye kujua bei ya gia boksi ya GT-R, ambayo hukaa nyuma ya gari na ina klachi mbili, anaelewa unyevu ule ulikuwa wa shilingi ngapi.

Nilivuta boksi kutoka chini ya meza, na nashukuru kwamba nilikuwa sijaichambua ile skrini. Ila klipu moja ya soketi ya nyuma ilikuwa imevunjika, na niliivunja mimi siku ile kwa haraka ya kung'oa. Nilitafuta soketi ya kufanana nayo kwenye maduka ya vipuri ya mitaa ya Gerezani na Ilala kwa siku mbili nikakosa, mwisho nikaitengeneza kwa kipande cha plastiki nilichokikata na kukichonga kwa wembe mpaka kikakaa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni muda wote huo, wala hakuniharakisha.

Tulilitoa kulijaribu usiku, yeye akiwa kwenye usukani, kutoka Mwenge kwenda Tegeta kwa barabara ya Bagamoyo. Taa za ndani ya gari lile wakati wa usiku si nyingi: mshale mkubwa wa mzunguko wa injini uko katikati mbele ya dereva, namba ya gia pembeni yake, na ile skrini kulia kwa aliyekaa upande wangu. Tulipotoka kwenye foleni aliniuliza bila kugeuza kichwa, "Gia boksi iko themanini na nane?" Nikatazama. Ilikuwa 89. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuendesha. Mbele kidogo akauliza tena, na safari hii alipatia kabisa. Nilikaa kimya. Mtu aliyekwisha kulijua gari kiasi hicho kwa sauti na kwa mtetemo wa siti, nilijiuliza, anaihitaji skrini ya nini? Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu usiku ule, na jibu nililolipata ni kwamba asingeweza kulijua kiasi hicho kama skrini haikuwa ikimsahihisha kwa miaka minne.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka niishie hapo na kuwaambia kwamba swali lenu halina maana kwetu. Sasa naona ningekuwa siwatendei haki. Mliuliza kuhusu hisia ya kuketi ndani, na hiyo nami ninayo, kwa sababu baada ya gari la mzee nimezifungua R35 nyingine mbili. Plastiki za chini ya dashibodi ni ngumu na zinasikika kuwa ngumu ukizigonga kwa kidole. Siti za nyuma ni za watoto wadogo, na safari ndefu hata wao wataikataa. Kuna pia jambo ambalo joto na unyevunyevu wa pwani hulifanya kwa magari ya miaka ile: baadhi ya vitufe na plastiki vilipakwa tabaka laini la mfano wa mpira ili mkono ufurahi kuvishika, na tabaka hilo, likinyonya unyevu kwa miaka, huvunjikavunjika na kuwa utelezi unaonata. Nimekaa saa nyingi nikilisugua kwa pamba na spiriti mpaka plastiki nyeusi iliyo chini itokeze. Mteja anayelipia fedha za gari la aina hiyo halafu vidole vikanata anapowasha AC hawezi kuambiwa kwamba yuko katika gari la kisasa, na sitamwambia.

Waliotengeneza nao waliliona. Toleo la mwaka 2017 lilibadilisha dashibodi nzima: vitufe vya sehemu ya katikati vilipunguzwa kutoka 27 hadi 11, skrini ikawa ya inchi 8, ngozi ikatandazwa kwa upana, na vile vishikio vya kubadilishia gia vikahamishwa vikawa vinazunguka pamoja na usukani. Ni bora, hasa hilo la vishikio, kwa kuwa kwenye matoleo ya mwanzo ukikata kona kali mkono unakwenda na usukani na kishikio kinabaki kilipokuwa. Zile kurasa za joto na presha hazikuondolewa. Ziliendelea kuwepo mpaka gari la mwisho lilipotoka kiwandani Tochigi, Japani, Agosti 2025, miaka 18 tangu la kwanza, na mimi nalichukulia hilo kuwa ushahidi.

Basi katika hesabu yenu naomba niandikwe Hapana, kwa matoleo yote kabla ya 2017. Ndani yake si pa kisasa tena, na anayelitaka gari la kwendea kazini kila siku pamoja na watoto atafute jingine. Kwa toleo la 2017 na kuendelea naweza kukubali Ndiyo, ikiwa gari halikulala juani na ikiwa mwenye nalo hataki makuu kwenye siti za nyuma. Hata hivyo, Hapana yangu isichukuliwe na kijana yeyote kama ruhusa ya kuing'oa skrini ya 2008 au 2009 ili kumfurahisha baba yake. Amuulize kwanza. Akikubali, mwambieni fundi aizungushie kitambaa, aiweke mahali pakavu, na azitoe zile soketi taratibu, kwa sababu klipu zake hazipatikani Gerezani wala Ilala.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam