Wasomaji Mnauliza: Mchele Ubaki Nyumbani, Manjano Yaende

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa India waliopata nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, na kwa wazazi wao. Tumechagua zile ambazo barua ya chuo haizijibu.

Binti yangu anaanza shahada ya uzamili mwezi Agosti. Nataka kumfungia mchele kilo tano, dengu, viungo, achari na majani ya kari patta ya uani kwetu. Jirani anasema akiulizwa na forodha ya Marekani kama ana chakula ajibu hapana, apite haraka. – Mama, Chennai

Mama, tuanze na jirani, maana shauri lake ndilo baya kuliko mchele wenyewe. Mtu akitaja chakula alichobeba, hata kikiwa kimekatazwa, kinachukuliwa na yeye anaendelea na safari yake. Akificha, kisha mbwa wa kunusa akasimama kwenye begi, faini yaweza kufika dola 1,000 kwa kosa la kwanza. Amjibu ofisa kwamba ndiyo, ana chakula, halafu akitaje kimoja kimoja.

Mchele usimfungie. India ni miongoni mwa nchi zenye mdudu wa nafaka aitwaye khapra, ambaye hujificha kwenye mishono ya magunia na huishi muda mrefu bila kula. Kwa sababu yake, mchele kwenye mizigo ya abiria kutoka nchi hizo hauruhusiwi, hata kilo moja. Dengu kubwa, ile mnayoiita chana, iko kwenye marufuku hiyo hiyo. Kari patta mbichi nayo haipiti: mti wake ni wa ukoo mmoja na michungwa, na hubeba kidudu kinachoeneza ugonjwa ulioangamiza mashamba mengi ya machungwa kule Florida. Maembe mabichi na matunda mengine yabaki. Nyama ya namna yoyote pia, na hapo wengi husahau kwamba achari ya kuku au ya mbuzi ni nyama.

Kinachokwenda bila taabu ni viungo vikavu vilivyosagwa: manjano, pilipili, unga wa sambar, garam masala. Jira iliyosagwa, mvuje na achari ya ndimu au ya embe nazo huenda. Nunua pakiti za kiwandani zenye maandishi ya Kiingereza. Unga wa njano kwenye mfuko usio na jina humchelewesha ofisa na humchelewesha binti. Achari izungushiwe plastiki mara mbili na iwekwe katikati ya nguo zisizo za thamani, kwa sababu mafuta hupenya kifuniko begi likibanwa. Achari na samli zisikae kwenye begi la mkononi, kwani huhesabiwa kama vimiminika na mwisho wake ni mililita 100.

Kwa kweli, miji mingi yenye chuo kikubwa ina duka la Kihindi au basi la kwenda kwenye duka hilo. Kilo tano za mchele ni zaidi ya sehemu ya tano ya begi la kilo 23. Afadhali nafasi hiyo iwe ya dawa za miezi michache pamoja na cheti cha daktari, na miwani ya pili. Bima nyingi za wanafunzi hazilipii meno wala macho, basi aende kwa daktari wa meno kabla ya kuondoka.

Nibebe blenda ya kusagia, presha kuka na birika la umeme? – Mwanafunzi wa uhandisi, Pune

Umeme wa India ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Chaja ya simu na ya kompyuta husoma "100–240V" kwa nyuma, kwa hiyo huhitaji adapta ya plagi peke yake. Birika la volti 230 halitaungua kule, ila litatoa kama robo tu ya nguvu yake, kwa sababu volti zikipungua nusu, joto hupungua mara nne. Utasubiri chai mpaka darasa liishe. Liache.

Blenda nayo itazunguka kwa unyonge na haitasaga nazi. Transfoma ya kupandisha volti ipo, lakini kwa blenda ya wati 750 utahitaji ya wati 1,000 au zaidi, nayo ni pande la chuma. Viwanda vya India hutengeneza blenda za volti 110 hasa kwa wanaosafiri, uliza hiyo. Mashine ya mawe ya kusagia unga wa dosa, ule mkate mwembamba wa mchele, ina mota ya aina nyingine, ambayo hata ukiipa transfoma itakwenda kasi zaidi ya ilivyokusudiwa, kwa sababu mwendo wake hufuata mizunguko ya umeme.

Presha kuka isiyo ya umeme ibebe, tena kwenye begi kubwa, ikiwa imejazwa soksi. Chukua mpira wa akiba na valvu ya usalama ya akiba. Chagua yenye kitako bapa: majiko mengi ya nyumba za kupanga ni ya umeme, na sufuria yenye kitako cha mviringo hugusa jiko kidogo tu. Jambo moja la ziada: pilipili kavu ikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto huweza kuamsha king'ora cha moshi, na katika baadhi ya mabweni jengo zima hutoka nje. Fungua dirisha na washa feni kwanza. King'ora usikifunike kamwe.

Kwenye pasipoti yangu sehemu ya jina la ukoo ni tupu. Ina shida? – Hyderabad

Inayo, na dawa yake ni kabla ya visa. Jina lako lote litahamishiwa kwenye nafasi ya ukoo, na kwenye jina la kwanza pataandikwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Baadaye benki, leseni ya udereva na mwajiri kila mmoja ataliandika kwa namna yake, na majina yasipolingana maombi hukwama. Omba pasipoti mpya yenye majina yaliyogawanywa, kisha chuo kikutolee I-20, yaani cheti cha kuombea visa ya mwanafunzi, inayofanana nayo herufi kwa herufi. Baada ya hapo ndipo ulipe ada ya SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni, dola 350, na kujaza DS-160, fomu ya maombi ya visa. Ukifuata mpangilio mwingine utarudia kazi.

Chuo kinataka kipimo cha kifua kikuu na chanjo. Nilichanjwa zote utotoni. – Kolkata

Ulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na hilo ndilo tatizo. Kipimo cha ngozi, kinachosomwa baada ya saa 48 hadi 72, chaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, ukaonekana una vimelea. Omba kipimo cha damu kiitwacho IGRA, ambacho hakidanganywi na chanjo hiyo. Ila uliza chuo kwanza kama kinakubali kilichofanyiwa India.

Kuhusu surua: ratiba ya serikali ya India hutoa chanjo ya surua na rubela, bila matubwitubwi. Vyuo vingi hudai MMR yenye zote tatu, dozi mbili zilizoachana siku 28 au zaidi. Ukianza wiki mbili kabla ya ndege umechelewa.

Baba atanipa dola taslimu za muhula mzima. Ni salama? – Ahmedabad

Hata kama ingekuwa salama, noti za kigeni unazoruhusiwa kutoka nazo India ni dola 3,000 kwa safari. Zilizobaki ziwe kwenye kadi ya fedha za kigeni au zitumwe benki. Karo itumwe moja kwa moja kwa chuo, na mwambie karani kwamba makato yote yalipwe na mtumaji. Usiposema, benki za katikati hukata chao njiani, karo inafika pungufu kwa dola ishirini au thelathini, na chuo kinaweza kukuzuia kujiandikisha kwa deni hilo dogo.

Laini yako ya India usiiache ife. Benki itatuma namba za siri kwenye simu hiyo, na bila hizo huwezi kugusa akaunti yako. Washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje kabla ya kupanda ndege.

Nimefanya kazi maktaba ya chuo kwa saa 20 kwa wiki. Rafiki kanijazia kodi kwa programu anayotumia yeye, mzaliwa wa hapa. – Mwanafunzi mwenye visa ya masomo ya F-1, Texas

Basi inaelekea amekujazia fomu 1040, ya wakazi. Wewe, kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, kwa kawaida hujaza 1040-NR, ya wasio wakazi, pamoja na fomu 8843, inayoeleza kwamba siku zako za masomo hazihesabiwi kukufanya mkazi. Hesabu ni ya kalenda: ukitua Disemba, mwaka huo wote umehesabiwa. Ikiwa imeshatumwa, irekebishe kwa fomu 1040-X, ya masahihisho.

Usiikose haki yako, ndugu. Mkataba wa kodi kati ya India na Marekani, kifungu cha 21, humruhusu mwanafunzi wa India kuchukua punguzo la kawaida wanalopata wakazi. Wanafunzi wa nchi nyingine nyingi hawana. Tazama pia karatasi ya mshahara: ikiwa wamekata asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na matibabu ya wazee, wamekosea. Mwombe mwajiri akurudishie. Akikataa, fomu 843 ya kudai kurudishiwa hupelekwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Na mwenzako asiye na kazi yoyote hana ruhusa ya kukaa kimya: 8843 ni yake pia, mwisho wake kwa kawaida ni Juni 15.