Usimpeleke, nenda naye: mwenzako anayejidunga na dawa ya homa ya ini C

Juzi hapa Kibirizi, Kigoma, dada mmoja kanivuta pembeni nyuma ya magunia ya dagaa, ananong'ona utadhani ananiuzia bangi. Mume wake kapima, kaambiwa ana homa ya ini C, dawa ipo, lakini jamaa hataki hata kusikia. "Dada, wewe ulimfanyaje mzee wako mpaka akaanza?" Nikamwambia we nipe siku mbili nitaandika, maana hii stori siyo ya kumaliza umesimama na jua hili.

Kwa msionijua, mimi na mzee wangu tulikuwa mateja, sitaki kuzunguka. Tulikutana Dar, tukala unga (heroini) wote, tukajidunga wote, na kuna kipindi kirefu bomba la sindano lilikuwa moja, yeye anaanza mimi namalizia. Siku tulizokuwa na mabomba mawili tulikuwa tunajiona wasafi kweli, kumbe kijiko ni kile kile, maji ya kuchanganyia yale yale, kipamba kile kile. Hiki kirusi cha homa ya ini C kinakaa kwenye damu, na damu yenyewe siyo lazima uione kwa macho, halafu ndani ya bomba lililotumika kinaweza kukaa hai wiki kadhaa. Baadaye tukaingia methadoni, ile dawa ya kunywa inayosaidia mtu kuacha unga, tukatulia, tukapanda treni tukarudi Ujiji kwa mama. Mimi nikatulia moja kwa moja. Mwenzangu akawa anateleza, anarudi, anateleza.

Kupima tulipima siku moja, wakatutoboa vidole, wote mistari miwili. Hapo wengi wanadhani ndo basi, kumbe kile kipimo kinatafuta kingamwili tu, yaani wale askari ambao mwili ulitengeneza siku kirusi kilipoingia. Lazima kuna cha pili, wanachukua damu ya mkononi waangalie kama kirusi chenyewe bado kipo. Majibu yakaja: mimi hakipo, yeye kipo. Ndivyo ilivyo, kama watu 3 kati ya 10 mwili unakiondoa wenyewe bila dawa, na huwezi kujua utakuwa upande gani. Mimi sikufanya chochote cha maana, nilibahatika tu.

Sasa hiyo bahati ikatuletea vita ndani. Akaanza, kwa hiyo wewe ndo uliniletea halafu wewe ukapona? Na mimi mdomo sina breki, nikamkumbusha nani alinidunga mara ya kwanza. Miezi miwili tunalala tumegeuziana migongo. Mtu wangu, kama kuna kitu kimoja utabeba hapa basi ni hiki, hiyo kesi ya nani kamwambukiza nani usiifungue, haina shahidi, haina hukumu, na wakati mnabishana kirusi kinaendelea kula ini taratibu bila maumivu yoyote. Homa ya ini C inaweza kukaa miaka 20 mtu anaona yuko fiti tu, siku inaonekana ini limeshakuwa na makovu.

Kosa langu la pili lilikuwa kumburuza. Nilimwambia kaka yake, nikamficha hela, nikamwekea masharti kwamba acha unga kabisa ndo tutaongea habari ya dawa. Na bahati mbaya sehemu moja tuliyoenda, siitaji, na wao wakamwambia hivyo hivyo, nenda kaache kwanza ukae miezi sita ndo urudi. Alitoka pale kimya, na hakukanyaga tena kituo chochote mwaka mzima. Nilikuja kujua baadaye kwamba huo siyo ushauri sahihi, Shirika la Afya Duniani linasema kujidunga siyo sababu ya kumnyima mtu hii dawa, kuna watu wamemeza huku bado wanatumia na wamepona vizuri tu. Ukikutana na mtu wa namna hiyo usigombane naye, uliza kwa dokta mwingine, ila mwenzako asisikie hayo maneno akiwa peke yake.

Kilichobadilisha mambo ni usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa nje tunakula mihogo, nikamuuliza tu kawaida, hivi unaogopa nini hasa? Akakaa kimya weee. Akasema, "Mishipa." Yaani nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kifo na watoto, kumbe mwenzangu anaogopa kutolewa damu! Mishipa yake ya mikono imekufa, kila akienda wanamtoboa mara tano sita, halafu kuna anayeguna, kuna anayeita mwenzake aje kuona. Kingine, maskani Dar alisikia dawa yenyewe ni sindano za mwaka mzima zinazoleta homa na kuchanganya akili. Hiyo ilikuwa kweli, ila zamani, enzi za sindano zilizoitwa interferoni. Sasa hivi ni vidonge, kimoja kwa siku, wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona kabisa. Kupona kabisa, siyo kama zile dawa za kumeza maisha. Bei nayo alikuwa amesikia ya Marekani, na kweli mwaka 2014 kule kidonge kimoja kilikuwa dola 1,000, lakini toka zianze kutengenezwa na viwanda vingi bei imeshuka mno, kwa hiyo usikate tamaa kwa stori, nenda kaulize.

Siku ya kutoa damu nikaenda naye. Siyo kumpeleka, kwenda naye. Nilibeba chupa ya soda nimejaza maji ya moto nikaifunga kwenye khanga, foleni yote kaishika mkononi mshipa upate kutuna, na toka asubuhi nimemnywesha maji mpaka analalamika. Nikatangulia kwa sista, nikamwambia taratibu, sista samahani, mishipa yake migumu, yeye mwenyewe anajua upo wapi, muache akuonyeshe. Sista akaangalia mkono, akamuuliza, "Haya baba, tuingie wapi?" Mara moja tu, damu ikaja. Jamaa alitoka pale anatembea kama kashinda kesi.

Dawa yenyewe ilibidi tuifuate Dar, na hapa wa mikoani tunaelewana. Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, unalala njiani, na arosto, yale mateso ya kukosa unga, haiangalii ratiba ya treni. Tukakubaliana wazi kabla ya kukata tiketi, kwamba akifika anarudi kwenye methadoni kwanza asimame, na dawa ya ini anaanza akiwa hapo hapo. Tuliuliza, dokta akasema hazigombani. Shangazi yangu akamkubali alale kwake. Mimi nikakaa naye wiki tatu, nikarudi kwenye dagaa maana nani atalisha watoto.

Kazi yako kubwa siku ya dokta ni mfuko. Beba kila kitu anachomeza, hata kama unaona hakihusu. Mzee wangu alikuwa na vidonge vya vidonda vya tumbo, omeprazole, wala hakuvitaja kwa sababu yeye anaona siyo dawa, ni kama pipi, nikavimwaga mezani, dokta akasema asante mama, hivi vinaweza kuifanya dawa isifanye kazi vizuri, akavisimamisha. Kama anatumia dawa za TB, kifafa, moyo au ARV, sema. Na zile chupa za mitishamba za mama mkwe sema pia, aibu weka pembeni. Wakampima na homa ya ini B kabla ya kuanza, kwa sababu ukiwa nayo hiyo imelala, dawa ya C inaweza kuiamsha. B ina chanjo, C haina.

Makopo yalikuwa matatu, kila kopo vidonge 28. Nilivyorudi Kigoma nilikuwa napiga saa mbili kamili usiku, taarifa ya habari inaanza. Siulizi umemeza? maana hilo swali linamfanya mtu ajione mtoto. Napiga namwambia leo migebuka imeadimika, mama yako anakusalimia, jirani kanunua sabufa tumekoma, na yeye katikati anasema subiri kidogo, nasikia kopo linalia chakacha, maji, haya endelea. Wiki ya sita akaniambia mwenyewe ameteleza mara moja. Moyo uliruka lakini nikauliza kitu kimoja tu, bomba lilikuwa la nani? Jipya, lake, kijiko chake, hakuchangia. Basi, kesho yake kaenda kumwambia sista, dozi ikaendelea. Hapa niseme vizuri, ukipona unaweza kuambukizwa upya, kwa hiyo kama mnajidunga wote wawili pimeni wote, na kama wote mnacho mezeni pamoja, vinginevyo mtakuwa mnarudishiana kama mpira.

Wiki 12 baada ya kumaliza akapimwa tena, kirusi hakipo. Alinitumia picha ya karatasi saa nne asubuhi, haina hata salamu.

Mwaka huu kapimwa tena hapa kwetu kwa mambo mengine, kidole, mistari miwili ikatokea. Alirudi nyumbani uso umemshuka, hata chai hakugusa. Nikaingia chumbani, nikafungua begi la chuma, chini ya khanga za mama, nikatoa karatasi ya Dar iko ndani ya nailoni, nikamwekea juu ya meza. Nikamwambia kipimo cha kidole kitaonyesha mistari miwili maisha yako yote, wale askari hawaondoki, kirusi ndo kimeondoka, soma hapa. Akasoma mara mbili. Akaomba chai.