Umbali nao ni kodi: maswali yenu kuhusu nauli, viwanja na barabara Mwanza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili ambazo kwa sensa ya 2022 zina watu zaidi ya milioni 1. Mji umebanwa na ziwa upande mmoja na vilima vya mawe upande mwingine. Mwenye kipato kidogo anayetafuta ardhi hupanda mlimani, au hutoka nje kuelekea Kisesa, Buhongwa na Usagara. Kote kuwili kuna gharama isiyoandikwa kwenye hati ya mauziano.

Nimepanga chumba Mabatini kwa 50,000 kwa mwezi, kazini mjini naenda kwa miguu. Nimepata kiwanja upande wa Kisesa kwa milioni 2.5. Kutoka kiwanjani hadi lami ni bodaboda ya 1,000, halafu daladala 800. Kuna kingine cha milioni 4.5, dakika 15 kwa miguu kutoka lami. Ndugu wananiambia nichukue cha bei rahisi. — Mpangaji, Mabatini

Ndugu zako wameangalia bei ya kununua tu. Weka nauli mezani. Kiwanja cha kwanza ni 1,800 kwenda na 1,800 kurudi, yaani 3,600 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 93,600. Kodi unayoikimbia ni 50,000. Kwa hiyo ukihamia huko utakuwa unatoa 43,600 zaidi kila mwezi, na hapo hatujagusa maji wala saruji.

Kiwanja cha pili hakina bodaboda. Nauli yake ni 1,600 kwa siku, sawa na 41,600 kwa mwezi, pungufu kidogo ya kodi ya sasa. Tofauti ya viwanja hivi viwili kwa mwezi ni 52,000. Gawanya ile milioni 2 ya nyongeza kwa 52,000: inarudi ndani ya miezi 39. Mkiwa wawili nyumbani mnaokwenda mjini kila siku, inarudi kwa miezi 20. Na bodaboda ya 1,000 ni ya mchana mkavu. Mvua ikinyesha, au ukishuka saa 3 usiku na mzigo, bei ni ile atakayoitaja yeye.

Kuna na ujenzi wenyewe. Lori la mchanga lisipofika kiwanjani litamwaga barabarani, na utalipa mara ya pili kusogeza kwa guta au mkokoteni. Mafundi nao watadai nauli.

Kabla ya kulipa hata cha pili, nenda pale mara mbili: saa 11:30 alfajiri na saa 2 usiku, siku ya kazi. Hesabu daladala zinazopita na nafasi iliyobaki ndani. Dalali hukupeleka saa 5 asubuhi, wakati ambao gari ni tupu na njia nyeupe. Halafu chukua namba ya kitalu na ya kiwanja, uende ofisi ya ardhi ya halmashauri husika (Kisesa ni Magu, si Jiji) ukaone mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Uliza mambo mawili: matumizi yaliyopangwa kwa kiwanja hicho, na upana wa barabara inayopita mbele yake. Kikiwa na hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama kina rehani au zuio. Mwisho, tembea na muuzaji mkaone bikoni (alama za mpaka) zote nne. Bikoni iliyong'olewa huzaa kesi za majirani.

Daladala imeandikwa ruti nzima, lakini jioni inaishia katikati ya njia na tunapanda nyingine kwa nauli mpya. Tufanyeje? — Abiria, Igoma

Hiyo ni kukatisha ruti, na ni kosa kwa masharti ya leseni ya usafirishaji inayotolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Lakini elewa kwanza kwa nini inatokea, maana kumtukana konda hakutakusaidia. Dereva wengi hawana mshahara. Wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku, mafuta ni juu yao, na kinachobaki ndicho chao. Jioni abiria wamejaa upande mmoja. Kwenda hadi mwisho wa ruti ni kurudi na viti vitupu huku mjini foleni ya abiria ikiwaka. Kwa hiyo anageuzia katikati. Akiwa deiwaka, dereva wa kushikizwa kwa siku ambaye kesho hatakuwa na gari hilo, hana hata jina la kulinda.

Kwako wewe maana yake ni hii. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 hadi 600. Ukikatishwa jioni tu, 600 ya ziada kwa siku 26 ni 15,600. Mwenye mshahara wa 200,000 amepoteza karibu asilimia 8 kwa safari ambayo alikwisha kuilipia.

Malalamiko yanayofanyiwa kazi yana vitu vitano: namba ya gari, ruti iliyoandikwa kifuani au ubavuni, mahali mliposhushwa, saa, na nauli mliyotoa. "Daladala za Igoma zinatusumbua" haimfikii mtu yeyote. Piga picha ya namba kabla gari halijageuza. Malalamiko ya abiria watatu juu ya gari lilelile, kwa siku tatu tofauti, yana uzito kuliko ya mtu mmoja mwenye hasira. Peleka ofisi ya LATRA ya mkoa na nakala kwa Polisi wa Usalama Barabarani. Kwenye gari, usitoe nauli mnapoondoka. Toa mkishapita pale wanapopenda kugeuzia. Konda atanuna, ila ndiyo silaha pekee uliyonayo mkononi.

Nyumba yetu kando ya barabara kuu imewekewa X ya kijani, ya jirani ni nyekundu. Mzee aliyeijenga alishafariki. Tutalipwa? — Familia, Buhongwa

Rangi zina maana. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliye ndani ya zile 22.5 za zamani anahesabiwa kuwa ameifuata barabara, na hupewa X nyekundu: avunje kwa gharama yake. Aliye katika mita 7.5 zilizoongezwa amefuatwa na barabara. Huyo ni wa kijani, na ana haki ya fidia eneo lake litakapochukuliwa.

Hakikisheni kwa futi kamba ndefu, ila msianzie katikati ya lami mkaridhika. Lami iliwahi kusogezwa sehemu nyingi, na katikati ya lami si lazima iwe katikati ya hifadhi. Ombeni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa) ofisi ya mkoa wawaonyeshe nguzo za mpaka, na muandike mita mlizopata pamoja na tarehe.

Fidia si thamani ya nyumba peke yake. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataka vihesabiwe: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, ambayo ni thamani hiyo ikizidishwa kwa wastani wa riba ya amana za miezi 12 katika benki za biashara, posho ya makazi, yaani kodi ya soko ya nyumba hiyo kwa miezi 36, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida iliyopotea, yaani faida halisi ya mwezi mara 36, kama pana biashara. Kiwanja kisichotumika hakipati posho ya makazi, usafiri wala faida. Hapo kwenye faida ndipo wengi wanapoumia. Mwenye duka asiyekuwa na vitabu vya hesabu wala kumbukumbu za kodi ya mapato hana cha kumwonyesha mthamini. Anzeni kuandika mauzo leo. Msingoje siku ya uthamini.

Siku hiyo mpigwe picha mbele ya jengo mkiwa na namba yenu, mhesabu miti, choo, kisima na ukuta pamoja na mthamini, na msisaini fomu yenye nafasi tupu. Pigeni picha kila ukurasa. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanapaswa kuongezewa riba, na uthamini uliopita miaka 2 bila kulipwa hurudiwa.

Kwa upande wa mzee: hundi haitoki kwa jina la marehemu. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo sasa hivi, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Familia zinazosubiri hadi fedha ije ndizo zinazogombana mlangoni mwa benki.

Kaya 22 tunataka kujenga ngazi za zege mlimani, maana wagonjwa na wajawazito wanabebwa mgongoni hadi barabarani. Tunahitaji nini? — Wakazi, Igogo

Tuchukue ngazi ya hatua 60, upana mita 1.5, kimo cha hatua sentimita 16 na pa kukanyagia sentimita 30. Inapandisha mita 9.6. Msizidishe kimo ili kupunguza hatua. Mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani ataijua tofauti ya sentimita 16 na 22. Vimo vyote viwe sawa, kwa sababu hatua moja iliyozidi ndiyo inayoangusha watu gizani. Kila hatua 12 wekeni jukwaa la kupumzikia lenye urefu wa mita 1.2.

Zege likiwa na kitako cha sentimita 10 chini ya hatua, ngazi inakula kama mita za ujazo 5.2, ukiacha majukwaa. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 34 ya saruji ya kilo 50, nunueni 38. Mchanga mita za ujazo 2.5, kokoto 5. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja wa saruji unakwenda na ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto na maji lita 25 hadi 28. Fundi atataka kuongeza maji ili zege liteleze kwenye karai. Mkatalieni, linakuja kuwa unga. Lifunikeni kwa magunia na kumwagilia siku 7. Mawe mnayo bure mlimani, na mkiyapanga vizuri ndani ya kitako mtapunguza saruji.

Ngazi za mlimani haziuawi na uzito wa watu, zinauawa na maji. Mvua ya Aprili hushuka juu ya hatua, huingia pembeni na kuchimba udongo chini yake, na mwaka wa pili zege linaning'inia. Jengeni mfereji wa sentimita 30 kwa 30 ubavuni kabla ya hatua yenyewe, wenye ngazi ndogo ndani yake za kupunguza kasi ya maji, na muamue mapema unamwaga wapi. Ukimwaga kwa jirani wa chini, mmeanza kesi nyingine. Pale zege linapokaa juu ya jabali laini, chokoeni uso wa jiwe na mpige nondo za milimita 12 zilizoingia sentimita 15 ndani ya mwamba, la sivyo litateleza zima.

Kabla ya mchango: mkutano wa mtaa wenye muhtasari, saini za wote ambao njia itapita kwao, na mhandisi wa Jiji au wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) aje aione njia. Huwa anaombwa baada ya zege kupasuka.

Tajiri ananipa pikipiki ya milioni 2.9 kwa mkataba: 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14. Ni sawa? — Dereva, Kirumba

Utalipa 3,640,000, yaani 740,000 juu ya bei. Wengi husema ni asilimia 25. Hapana: deni linapungua kila siku, kwa wastani unadaiwa kama 1,450,000, na 740,000 juu ya hiyo ni asilimia 51 kwa miezi 14. Linganisha na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo haina riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inahitaji kikundi kilichosajiliwa, na inachelewa. Pikipiki ya tajiri unaipata kesho, ndiyo maana inauzika.

Ukiamua mkataba, uandikwe na yawemo haya: kadi inabadilishwa jina ndani ya siku ngapi baada ya malipo ya mwisho, nani analipa bima, siku za ugonjwa au pikipiki ikiwa gereji zinahesabiwaje, na ikichukuliwa mwezi wa 12, ile uliyokwisha kulipa inakwenda wapi. Kila 10,000 ipite kwenye simu, isiwe mkononi. Usifute ujumbe wa muamala hata mmoja hadi kadi iwe na jina lako.